Taifa Linakunywa Wese, Mimi Naonja Tu

Kijiweni kwetu Kinyerezi kuna mwalimu mstaafu ambaye ameamua kwamba nchi hii inamaliza mafuta. Aliamua asubuhi tu, kahawa bado inaunguza ulimi, kashata hajaigusa. "Tatizo letu ni matumizi," akasema. "Kila mtu gari, kila mtu pikipiki, na petroli yenyewe hatuchimbi hata kibaba. Tone kwa tone tunaagiza nje, tena kwa dola." Halafu akageuza shingo polepole kama feni bovu, macho yakaenda kutua kwenye gari langu.

Gari langu, jamani! Corolla ya kizamani ambayo mlango wa nyuma kushoto unafunguka kwa nje tu, na kwa kusihiwa. Taa yake ya njano ya mafuta inawaka tangu mwaka juzi. Ikitokea ikazimika nashtuka, najua balbu imeungua. Ndilo hilo linamaliza akiba ya taifa?

Niseme ukweli wangu. Mimi sinunui mafuta, mimi naonja. Yule binti wa pampu pale sheli ameshanizoea, hata haniulizi ya shilingi ngapi. Anasema tu, "Ya kumi, baba?" Nami naitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea pole. Anachomeka bomba, namba za shilingi zinakimbia kama mwizi wa simu Kariakoo, namba za lita zinatembea kama bibi harusi. Kabla sijamaliza kumsalimia na kumuuliza habari za nyumbani, ameshachomoa. Agosti 2022, petroli ilipofika shilingi 3,410 kwa lita hapa Dar, na hapo serikali imeshatia ruzuku, elfu kumi yangu ilikuwa haifikishi lita tatu. Lita tatu! Mtoto wa darasa la kwanza anabeba maji zaidi ya hayo siku ya usafi shuleni.

Tena hizo lita tatu sizitumii kutembea. Hilo ndilo mwalimu halijui, kwa sababu yeye anatembea kwa miguu na rozari ya maneno. Naondoka Kinyerezi saa kumi na mbili kasorobo kwenda Gerezani kwenye duka la vipuri ninakofanyia kazi. Mpaka Segerea naendesha. Kuanzia Tabata Bima sasa siendeshi, nakaa. Gari linaunguruma, mshale unashuka, mimi nimekaa. Ameshapita muuza karanga, muuza chaja, muuza miwa, na kijana mwenye ramani ya dunia ya kutundika ukutani. Yule wa ramani namchukia kidogo, maana nikiitazama naona Ghuba ya Uajemi ilivyo mbali, halafu nakumbuka kwamba mafuta ninayoyachoma hapa, nimesimama, yamesafiri bahari yote ile ili yaje kuishia bure Tabata.

Nikiibuka Barabara ya Mandela ndipo dhihaka inapokamilika. Mbele yangu lori la mafuta. Nyuma yangu lori la mafuta. Pembeni, lori la mafuta lenye namba za Zambia, dereva ameweka mguu dirishani anakula embe. Shehena kubwa ya mafuta yanayoshushwa bandarini hapa si yetu, yanapita kwenda kwa majirani: Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi. Siku moja gari langu lilizimika pale pale katikati, limekauka koo, nimezungukwa na malori matatu yamejaa mpaka kifunikoni. Nikashuka, nikabaki nimeshika kiuno. Yule wa embe akanionea huruma, akanirushia kipande cha embe.

Basi nikayasema haya kijiweni. Mwalimu akatikisa kichwa, akaagiza kahawa ya pili, ishara kwamba somo linaanza.

Akatupeleka enzi zake. Akasema zamani, mafuta yalipokuwa adimu, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, labda uwe na kibali. "Na watu walitii!" akasema, kidole juu. Nikamwambia mwalimu, hiyo sheria mimi bado naitii. Jumapili gari langu linalala kuanzia Jumamosi. Hakucheka. Akaendelea na kiwanda cha TIPER kule Kigamboni, ambacho kuanzia miaka ya 1960 kilikuwa kinasafisha mafuta ghafi hapa hapa, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 kikaacha. Sasa ni matangi ya kuhifadhia. "Yaani sasa hivi tunaletewa kilichokwisha kusafishwa," akasema, "kama mtu mwenye jiko lake anayeagiza wali wa kuletewa mlangoni." Hapo nikakubaliana naye, ingawa nyumbani kwangu Ijumaa jioni na sisi tunaagiza chipsi, na jiko lipo.

Muuza kahawa naye, ambaye kwa kawaida huzungumza kwa vikombe tu, akaleta habari ya bomba la TAZAMA. Bomba limelazwa tangu 1968, kilomita 1,710, kutoka Dar mpaka Ndola, Zambia. Zamani lilikuwa linapeleka mafuta ghafi, siku hizi linapeleka dizeli iliyo tayari. Jina lenyewe wanasema ni kifupi cha Tanzania, Zambia na Mafuta. Mimi nadhani aliyelibatiza alikuwa mkweli tu. Bomba linaanzia kwetu, linaondoka na mafuta, na sisi tunaambiwa: tazama.

Na hilo lingine, la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,443. Mafuta ya Hoima ni mazito, yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lake ni la kupashwa moto njia nzima kama uji wa mgonjwa. Kijana mmoja wa bajaji akauliza, "Sasa yakifika Tanga, anko, sheli itakuwa bei gani?" Tukamwambia yakifika Tanga ni ya kupanda meli, kwenda huko yanakosafishwa. Akawaza, akasema, "Kwa hiyo yatapita kwetu yameoga maji ya moto, halafu yaende kusuguliwa nje, halafu tuyanunue?" Hakuna aliyemjibu. Mwalimu alijifanya anatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Lakini huyo kijana wa bajaji ana maringo yake, na ndiye anayenikera kuliko dola. Ametia mtungi wa gesi kwenye bajaji yake, inakwenda kwa gesi badala ya petroli. Tangu atie, anaongea kama mtu aliyerudi Hija. "Gesi, anko. Gesi ni yetu." Ni kweli ni yetu, sibishi. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na tangu 2015 kuna bomba linaileta kutoka Mtwara mpaka hapa Kinyerezi inakofuliwa umeme. Hapa Kinyerezi! Napishana na ile mitambo kila siku. Gesi imetoka Mtwara imefika mtaani kwangu kabla ya lami haijafika kwenye uchochoro wangu. Na Mama Watoto bado ananituma mkaa.

Nilienda kuulizia bei ya kuweka mfumo wa gesi kwenye Corolla. Fundi akalizunguka gari mara mbili, akalipigapiga boneti kama daktari anayesikiliza kifua, akaniambia, "Mzee wangu, mtungi utakuwa na thamani kuliko gari." Halafu mtungi wenyewe unakaa kwenye buti. Buti langu ndilo linalobeba mkaa, ndizi za mama mkwe kutoka Moshi, na tairi la akiba ambalo na lenyewe lina pancha. Na kuna foleni ya vituo vya gesi, ambayo kijana wa bajaji haisemi anapotamba, lakini mimi nimepita usiku nikamwona amelala humo humo kwenye bajaji yake, miguu nje, anasubiri zamu. Mimi foleni ninayo ya kutosha. Siwezi kuamka kwenye foleni ya gesi ili niwahi foleni ya Tabata.

Sasa nije kwenye lililonileta.

Bei za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zinaanza saa 6:01 usiku. Hiyo dakika moja huwa naifikiria sana. Saa sita kamili mafuta ni ya bei ya zamani, dakika moja mbele, mafuta yale yale, tangi lile lile, binti yule yule wa pampu, bei nyingine. Mwezi uliopita nilisikia kijiweni kwamba dunia imetulia, bei itashuka. Nikajikaza, nikaiacha Jumanne ipite, nikaingia sheli Jumatano kifua mbele. Imepanda. Mwalimu akanieleza kwamba bei ya mwezi huu inakokotolewa kwa mafuta yaliyonunuliwa huko nyuma, kwa hiyo dunia ikitulia leo, utulivu wenyewe uko melini, unakuja. Nikamuuliza, mbona vurugu huwa hazipandi meli, zinakuja na ndege?

Mwezi huu nikasema hainipati tena. Jumanne jioni kwenye kikundi cha mtaa kikaingia ujumbe wa sauti, mtu anahema: "Ndugu zangu, kesho wese linapanda sana, jazeni leo, nimeambiwa na shemeji yangu yuko bandarini." Huyo shemeji wa bandarini nimemsikia miaka kumi, hajawahi kuonekana, lakini kila nyumba Dar ina shemeji yake pale. Nikamwamini. Nikaenda kwenye kabati, nikakopa kwenye bahasha ya Mama Watoto, ile ya mchezo wao wa kuchangiana pesa. Nasema nilikopa. Mwenyewe anatumia neno jingine.

Sheli ilikuwa imefurika. Kumbe shemeji ana ndugu wengi. Foleni imetoka nje mpaka kwa muuza mitumba, magari yanawashwa, yanasogea hatua mbili, yanazimwa. Langu sikuthubutu kulizima, maana kulizima ni hiari yangu, kuliwasha ni hiari yake. Saa moja na dakika arobaini linaunguruma. Nikipiga hesabu kwa haki, niliunguza ya elfu nne nikisubiri kuokoa ya elfu tatu. Lakini ukiwa ndani ya foleni hesabu haikai kichwani, kinachokaa ni gari la mbele.

Nikafika. "Ya kumi, baba?"

"Jaza."

"Jaza nini?"

"Tenki. Jaza tenki."

Binti akamwita mwenzake wa pampu ya pili aje ashuhudie. Meneja akatoka ofisini, nadhani alidhani kuna ugomvi. Mshale wa mafuta, ambao haujawahi kuvuka robo tangu ninunue gari, ukaanza kupanda, ukatetemeka kidogo kama mtu asiyezoea ghorofa, ukafika juu. Taa ya njano ikazimika. Nikarudi Kinyerezi taratibu, kioo nimeshusha, mkono nje, usiku saa tano hakuna hata mtu wa kuniona.

Asubuhi ya Jumatano, bei imeshuka.

Kiasi gani sisemi, nina presha. Nilipofika kijiweni wote walikuwa wameshajua, maana binti wa pampu ana dada yake anauza chapati pale. Mwalimu akasimama, jambo ambalo hulifanya tu kwa wimbo wa taifa. "Mabwana," akasema, "siku zote mnaniuliza ni nani anamaliza mafuta ya nchi hii." Hakumalizia. Alinyoosha bakora tu.

Nikasema kazi ninayo, nachelewa. Nikaingia garini kwa heshima zote, nikazungusha ufunguo. Kimya. Mara ya pili, tik. Betri. Tenki limejaa mpaka shingoni, betri imekufa. Kijiwe kizima kikaona. "Safi sana," mwalimu akasema, "huo sasa ndio uzalendo."

Lakini watu wa Kinyerezi ni watu. Muuza kahawa akaweka dele chini, muuza chapati akafuta mikono, wakaja nyuma ya gari, watu sita kwa ujumla, na mwalimu wa saba, yeye akielekeza. Moja, mbili, tatu! Gari halikutikisika. Kijana wa bajaji akainua uso, jasho linamtiririka.

"Anko, mbona leo zito hivi? Umebeba nini humu?"

"Wese," nikamjibu. "La jana."