Afisa TEHAMA Anayeweza Kumkatalia Mkurugenzi

Desemba 2014 Marekani ilitunga sheria ya malipo ya askari wanaolinda mipaka yake, na humo ndani kikachomekwa kifungu cha jambo jingine kabisa. Wizara ya Usalama wa Ndani ikaruhusiwa kuajiri wataalamu wa usalama wa mtandao nje ya utaratibu wa kawaida wa utumishi na kuwalipa kwa kuangalia soko. Kampuni binafsi zilikuwa zinawabeba vijana wazuri, serikali inabaki na nafasi wazi. Mfumo wenyewe wa ajira ukaja kuanza Novemba 2021. Miaka saba ya kuandika kanuni! Wadukuzi hawakuwasubiri.

Je, na sisi Tanzania tutunge ya namna hiyo? Sheria tunazo. Ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamshughulikia mwizi akishaingia. Ya Serikali Mtandao ya 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) meno ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaeleza namna ya kuzitunza taarifa za watu. Zote zinamtegemea mtu mmoja ambaye hatumzungumzii sana: afisa TEHAMA wa halmashauri.

Kazi yake huku Mtwara na Lindi haifanani na picha ya mtaalamu wa usalama wa mtandao. Asubuhi utamkuta amepiga magoti chini ya meza ya mhasibu anafuatilia waya, maana MUSE, mfumo wa malipo ya serikali, haifunguki na kuna malipo ya kutoka leo. Mezani kwake zimepangwa POS, mashine za kukusanyia mapato, za watendaji wa vijiji, moja haichaji, nyingine haina laini. Simu inaita: madiwani wameshakaa, projekta haiwaki. Bado kuna TAUSI ya mapato, NeST ya manunuzi, na GoTHOMIS ya hospitali ya wilaya. Usalama wa mtandao anaugusa saa ngapi?

Wanaotaka sheria ya mishahara maalumu wana hoja nzito, na huku Kusini inaonekana wazi kuliko Dar. Tangu msimu wa 2024/25 korosho zinauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Zamani zabuni za wanunuzi zilifunguliwa mbele ya wakulima, mkulima akaona karatasi kwa macho yake. Sasa anaangalia bei kwenye skrini. Ushuru wa zao hilo ndio unaoendesha halmashauri nyingi za huku, nao unapita kwenye mifumo hiyohiyo ya malipo. Fedha zikishahamia kwenye mifumo, mlinzi wake naye apatikane, na kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Dodoma na shahada ya usalama wa mtandao hatakaa Liwale kwa mshahara wa kawaida huku benki ya Dar inampigia simu.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Muuguzi wa hospitali ya Ligula anayekesha wodini atauliza kwa nini kijana wa kompyuta amzidi mshahara mara mbili ilhali wote wana mwajiri mmoja. Mwalimu wa sayansi naye atauliza. Ukimfungulia mlango mmoja, kila kada itapanga foleni. Ila tuwe wakweli, usawa huo ulishavunjika zamani: TRA na Benki Kuu zina viwango vyake vya mishahara, na ndiko maafisa TEHAMA wa halmashauri wanakopigania kuhamia. Kwa hiyo sheria itakayoongeza mishahara ya e-GA peke yake itakuwa imetengeneza mahali pengine pa kukimbilia. Dodoma itashiba, Nanyumbu itabaki na mtu mmoja na waya wake.

Mimi naona mshahara si kiini cha tatizo. Someni ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali: mwaka hadi mwaka inarudi habari ya makusanyo ya POS ambayo hayakufika benki. Huyo si mdukuzi wa ng'ambo. Ni mtu wa ndani mwenye paswedi halali, au aliyepewa paswedi ya mwenzake kwa sababu bosi kasema, "Mfungulie tu huyo, tutaweka sawa baadaye." Na afisa TEHAMA anayeambiwa hivyo atapimwa utendaji wake na uongozi huohuo. Umlipe milioni tano, bado atafungua.

Ndiyo maana kifungu ambacho ningekipigania ni cha mamlaka ya kukataa. Kwa masuala ya usalama wa mifumo, afisa awajibike pia kwa e-GA, ombi la kufunguliwa mfumo liwe la maandishi, na asihamishwe kituo kwa sababu alikataa. Mkaguzi wa ndani tayari ana kinga ya namna hiyo kwa kiasi fulani, maana nakala za ripoti zake haziishii kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Najua wakurugenzi watakavyojibu, na wana haki ya kujibu. Tumehubiri ugatuaji wa madaraka kwa miaka, leo tunamrudisha mtumishi wa wilaya chini ya mkono wa Dodoma. Mtu mwenye mabwana wawili anaweza kumkimbia mmoja kwa kumtaja mwingine, na mfumo ukikwama siku ya mnada mkurugenzi ndiye atakayezongwa na wakulima. Hilo halina jibu jepesi. Labda amri ya kufungua iendelee kuwa ya mkurugenzi, lakini aiandike kwa jina lake, na nakala ifike e-GA siku hiyohiyo. Na tarehe ya mwisho ya kutunga kanuni iandikwe ndani ya sheria yenyewe, miezi sita, isiachwe kwa waziri atakapopata nafasi.