Ufunguo wa mlango wa uani anashika nani?

Mjadala wa usalama wa taifa na faragha karibu kila mara huletwa na mizani mkononi. Ukitaka usalama zaidi, tunaambiwa, toa faragha kidogo. Ukiing'ang'ania faragha, basi kubali hatari. Picha hiyo nimeikinai. Inatufanya tubishanie kipimo, wakati swali gumu ni nani anayeshika ufunguo na nani anayemchunga.

Chukua kisa cha Ugiriki. Mwaka 2004, Athens ikiwa kwenye pilikapilika za Olimpiki, wadukuzi walipenyeza programu ya siri kwenye mitambo ya Vodafone nchini humo. Hawakulazimika kubuni njia yao. Ndani ya mitambo tayari kulikuwa na sehemu iliyotengenezwa ili polisi wenye kibali waweze kunasa simu za watuhumiwa. Wao waliiamsha tu, kimyakimya. Simu ya mlengwa ikiita, nakala ya mazungumzo ilikwenda kwenye laini nyingine za malipo ya kabla. Na walengwa hawakuwa magaidi. Alikuwamo waziri mkuu, Kostas Karamanlis, mawaziri wake, na wengine, jumla zaidi ya watu 100. Kilichowaumbua ni jambo dogo sana: mapema 2005 meseji za baadhi ya wateja zilianza kukwama, mafundi wakafukua wajue kulikoni.

Mpaka leo nikisikia vyombo vya dola vikiomba kampuni ziwaachie mlango wa uani, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mifumo yao, utakaofunguliwa kwa kibali cha mahakama pekee, huwa nakumbuka zile meseji zilizokwama. Mlango haumjui anayeufungua.

Mwaka 2016 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitaka Apple itengeneze programu ya kuifungua iPhone ya mmoja wa washambuliaji wa San Bernardino, California, walioua watu 14 Desemba 2015. Apple ikagoma, ikisema chombo hicho kikishakuwepo kitafungua na simu za wengine. Kabla mahakama haijaamua, FBI ikapata mtu wa nje aliyeifungua simu hiyo moja, na shauri likaondolewa. Kwa maoni yangu Apple ilikuwa sahihi. Lakini simcheki mpelelezi aliyeketi na simu ya muuaji mezani, asijue aifungue vipi.

Tena upande wa dola una ushahidi mzito kuliko wanaharakati wengi wanavyopenda kukiri. EncroChat ulikuwa mtandao wa simu za siri uliopendwa mno na wauza dawa za kulevya. Mwaka 2020 polisi wa Ufaransa, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, waliuingia na kusoma ujumbe watu wakiwa bado wanaandikiana. Kufikia 2023 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilihesabu waliokamatwa 6,558. Ni kweli mawakili wamehoji katika mahakama za nchi kadhaa kama ilikuwa halali kuwazoa watumiaji wote kwa pamoja, na swali hilo si la kupuuzwa. Hata hivyo, operesheni ile ilikuwa na mlengwa: mtandao mmoja, si taifa zima.

Linganisha na aliyoyafichua Edward Snowden, aliyekuwa mfanyakazi wa kandarasi wa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, Juni 2013. Kwa kutumia kifungu cha 215 cha Sheria ya Patriot, sheria ya Marekani ya kupambana na ugaidi iliyopitishwa wiki sita tu baada ya Septemba 11, 2001, NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Serikali ilijitetea kwamba maneno yenyewe hayasikilizwi. Haya, na tuseme hivyo. Mtu anapigiwa simu na maabara ya hospitali asubuhi, dakika mbili. Anampigia mkewe, dakika arobaini. Baadaye anampigia daktari wa saratani, halafu kampuni ya bima, halafu wakili wa mirathi. Hujasikia neno hata moja, na habari yote unayo.

Ilileta nini, zana hiyo? Januari 2014 bodi ya serikali ya Marekani yenyewe, inayosimamia faragha na haki za raia, ilisema haikuona tishio hata moja dhidi ya nchi hiyo ambalo mpango ule ulibadilisha matokeo ya uchunguzi wake. Bodi hiyohiyo, miezi michache baadaye, ilikiri kuwa kifungu cha 702 cha sheria nyingine, ile ya ujasusi wa kigeni, kinacholenga wageni walio nje ya nchi, kilikuwa na manufaa, ingawa nacho huzoa mazungumzo ya Wamarekani wanaowasiliana na walengwa hao. Sioni ukinzani hapo. Mmoja ulianza na mlengwa, mwingine ulianza na kila mtu.

Na kabla ya Septemba 11 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilikwisha kuwafahamu wawili wa watekaji wale, Khalid al-Mihdhar na Nawaf al-Hazmi; taarifa ndizo hazikuifikia FBI kwa wakati. Aliyeshindwa kutenga mchele na pumba kwenye ungo mmoja, ukimbwagia gunia zima hujamsaidia.

Mimi ningekubali kibali cha jaji, mlengwa anayetajwa, na tarehe ya mwisho. Najua gharama yake: kuna siku uhalifu utapita kwenye mwanya huo, na wa kulaumiwa tutakuwa sisi tuliotaka mwanya ubaki. Ila katika masharti hayo matatu, ni hilo la tarehe nisiloliamini sana. Kifungu cha 215 nacho kilipewa tarehe, Desemba 31, 2005. Kikaongezewa muda, kikaongezewa tena na tena; hata ukusanyaji wa jumla ulipokatazwa mwaka 2015, chenyewe kilibaki. Kilikuja kukoma Machi 2020, tena si kwamba wabunge waliamua hatari imekwisha. Walishindwa tu kuafikiana.