Makarov, Tokarev na Swali la Kujilinda

Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa Wasovieti na washirika wao, ulipovunjika mwaka 1991, maghala ya majeshi ya Ulaya Mashariki yalifunguliwa. Bastola zilizowekwa akiba kwa vita ambavyo havikupiganwa zilianza kupelekwa Marekani kwa makreti: Makarov na Tokarev za Kisovieti, CZ 52 ya Chekoslovakia, P-64 ya Poland. Mtu wa kipato kidogo aliyetaka kulinda nyumba yake alizipata kwa bei nafuu sana kuliko bastola mpya. Wanaozitetea bastola hizi wana hoja moja kubwa: silaha iliyoundwa ivumilie matope na baridi ya vitani itashindwaje chumbani?

Hoja hiyo ina uzito. Makarov iliingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1951, na kila ninapoitazama ilivyopangwa ndani naiheshimu zaidi. Mtutu wake umekazwa kwenye fremu, hausogei. Vipuri ni vichache, na kimoja hufanya kazi ya viwili au vitatu. Unaweza kuitunza ikiwa na risasi chemba, yaani ndani ya mtutu tayari kufyatuliwa, na nyundo imelala, kisha ukavuta triga moja kwa moja siku ya shida. Ni chuma kitupu, takriban gramu 730. CZ 82 ya Chekoslovakia, inayotumia risasi ileile, ina magazini ya risasi 12 na sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, inayofikika kwa mkono wowote, jambo ambalo watu wa mashoto hulishukuru.

Tokarev ni habari nyingine, na hapa ndipo natofautiana na wanaozisifu zote kwa pamoja. Muundo wake wa mwaka 1933 hauna sefti ya mkono. Una kituo cha nusu tu cha nyundo, yaani mahali nyundo husimama katikati. Kwa mazoea ya jeshi, hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa kuwa bastola ingeweza kukaa kwenye ala bila risasi chemba hadi amri itolewe. Mama aliyeamshwa usiku na mlango unaovunjwa hana amri ya kungojea. Akiiweka tupu, atahitaji mikono yote miwili kuikoki, yaani kuingiza risasi chemba, na huenda mmoja umembeba mtoto. Akiiweka na risasi chemba, ikianguka sakafuni inaweza kufyatuka. Ndiyo maana Tokarev nyingi zilizouzwa Marekani ziliongezewa sefti ili zikidhi masharti ya uagizaji, lakini sefti hiyo haigeuzi muundo wa ndani. Bastola nyingi za kisasa zina kizuizi kinachoishika sindano ya kugonga mpaka triga ivutwe. Tofauti hiyo peke yake inanitosha.

CZ 52 naiogopa zaidi. Ina wenzo wa kushusha nyundo bila kufyatua, lakini vipuri vyake vikichakaa, kuubonyeza wenzo huohuo kunaweza kuifyatua. Mnunuzi wa mtumba hajui vimechakaa kiasi gani.

Kisha kuna risasi, na hizi ndizo zinazoamua mengi kuliko bastola yenyewe. Risasi ya 7.62 ya Tokarev ni nyembamba na yenye kasi kubwa; katika nyumba za Marekani zenye kuta za bodi ya jasi inaweza kupita mpaka chumba cha pili, ambako watoto wamelala. Risasi za akiba za kijeshi mara nyingi zina fataki, kile kidude kinachowasha baruti, inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Usipousafisha kwa maji na kuupaka mafuta, kutu huanza upesi. Risasi za kisasa zenye tundu kichwani, zinazotanuka zikigonga, huenda zikakwama katika bastola iliyoundwa kwa risasi ya kichwa cha mviringo. Nayo risasi ya Makarov, 9x18, si ile ya 9x19 iliyojaa kila duka; kipenyo chake ni kikubwa kidogo, hivyo haziingiliani. Mwaka 2021 Marekani ilizuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, mojawapo ya vyanzo vyake vya bei nafuu. Anayeona uchungu wa bei ya kila risasi hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi atakosea shabaha hata akiwa na bastola bora kuliko zote.

Upande wa bei nao umedhoofika. Makreti yamepungua, wakusanyaji wa vitu vya kale wamepandisha thamani, na bastola mpya za bei ya kawaida, zenye dhamana na vipuri madukani, zimekaribiana nazo.

Kwa hiyo simwambii mtu anunue ya zamani leo kwa ajili ya kujilinda. Aliyekwisha kuirithi Makarov au CZ 82 kutoka kwa babu mkwe wake, na hana uwezo wa nyingine, hana sababu ya kuidharau. Aipeleke kwa fundi wa bunduki, abadilishiwe springi zote, kisha aipige kiwanjani risasi 200 za aina ileile atakayoiweka nayo. Ikikwama hata mara moja bila sababu inayojulikana, irudi kwa fundi. Na usiku ilale ndani ya kasha lenye kufuli, mahali ambapo mkono wa mtu mzima unalifikia gizani na wa mtoto haulifungui.