Wiki Tatu Bila Tandiko: Hofu ya Wenye Farasi Mbele ya Karantini

Kila zinapofika habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza wa farasi, hata ukiwa umetokea ng'ambo, mazungumzo ya ufuoni Bamburi, Mombasa, hugawanyika mara moja. Madaktari wa mifugo, pamoja na wengi wanaowahurumia wanyama, husema kwamba ugonjwa ukibisha hodi hapa farasi wote wafungiwe walipo siku hiyohiyo, na asiyekubali alazimishwe. Wenye farasi husikiliza, huitikia, kisha huuliza swali ambalo kwa kawaida halipati jibu: katika siku hizo za kufungiwa, farasi watakula nini, na sisi tutakula nini? Kwa kuuliza hivyo huhesabiwa kuwa wakaidi, watu walio tayari kuficha maradhi kwa tamaa ya pesa. Naona hukumu hiyo imetolewa kabla ya kesi kusikilizwa.

Ugonjwa unaotajwa zaidi katika mazungumzo haya ni mafua ya farasi, yanayosababishwa na virusi vya aina ya H3N8. Dalili hujitokeza kati ya siku moja na tatu baada ya kuambukizwa: homa kali, kikohozi kikavu, kamasi. Mafua haya husafiri kwa hewa ya kikohozi, na pia juu ya mikono, nguo, kamba, lijamu na ndoo, na hapo ndipo wataalamu wanapowanyooshea vidole watu wa ufuoni.

Asubuhi moja, maji yakiwa yamekupwa, nilimtazama saisi kijana akiwahudumia farasi watatu chini ya mvinje. Alikuwa na kitambaa kimoja alichokichomeka kiunoni; alimfuta povu mdomoni farasi wa kwanza, akamfuta pua wa pili, kisha akakifuta kiti cha tandiko ili mtoto apandishwe. Wote watatu walinyweshwa kwa ndoo moja. Daktari angeona hapo njia tatu za maambukizi kwa dakika tano, na asingekosea. Lakini maji yale yalikuwa yamenunuliwa kwa mtungi wa lita ishirini, na mwenye mkokoteni alikuwa bado amesimama akisubiri pesa yake. Kumwambia kijana yule kwamba kila farasi anahitaji ndoo yake na maji yake ni kumwambia anunue mitungi zaidi kabla hajapata mteja wa kwanza.

Jambo linalonisumbua zaidi, na ambalo sijaona likipewa uzito wake, ni muda wa mapumziko. Kanuni inayofuatwa na madaktari ni kwamba farasi aliyeugua mafua apumzishwe wiki moja kwa kila siku aliyokuwa na homa, na kwa vyovyote muda huo usipungue wiki tatu, kwa sababu utando wa njia ya hewa huhitaji siku nyingi hivyo kujijenga upya. Akifanyishwa kazi mapema, nimonia humvamia, na moyo wenyewe unaweza kudhurika. Kanuni hii ni sahihi na wenye farasi wanaijua. Tuitazame basi kwa macho yao. Homa ya siku tatu inamaanisha wiki tatu, na homa ya siku nne inamaanisha mwezi. Mwenye tuktuk iliyoharibika hupoteza mapato, lakini tuktuk iliyoegeshwa haili. Farasi aliyefungiwa hula majani na pumba kila jioni kama kawaida, hunywa maji ya kununua, hukatwa kwato wakati wake ukifika, na saisi wake hungoja mshahara. Ikiwa wiki hizo tatu zimeangukia Desemba, msimu wenyewe umekwisha, na kilichokusudiwa kumvusha mnyama yule masika, ufuo ukiwa mtupu, hakipo tena. Tatizo jingine ni kwamba farasi huonekana mzima mapema kuliko anavyopona. Siku ya sita homa imeshuka, anakula vizuri, anakohoa mara mojamoja tu, na nje kuna familia kutoka Nairobi inayouliza bei. Anayemlaumu mwenye farasi kwa kutia tandiko siku hiyo ajiulize kwanza ni akiba gani aliyomwona nayo.

Upande wa pili una hoja nzito, na mfano wake mkubwa ni Australia. Mwaka 2007 mafua ya farasi yaliingia nchini humo kwa mara ya kwanza na kufikia mashamba na mazizi yapatayo 10,000, yakiambukiza farasi zaidi ya 70,000. Serikali ilipiga marufuku kuwahamisha farasi, mbio na maonyesho yakasimama, chanjo ikatolewa, na kufikia mwisho wa mwaka huohuo ugonjwa ulikuwa umetokomezwa. Bila amri ya kusimamisha safari mara moja hilo lisingewezekana, na anayesema kwamba karantini ni usumbufu mtupu ana deni la kueleza matokeo hayo. Tena chanjo peke yake si ngao kamili: mwaka 2019 mbio za farasi nchini Uingereza zilisimamishwa kwa siku sita baada ya farasi waliochanjwa kupatikana na virusi.

Hata hivyo, mfano wa Australia husimuliwa kwetu nusu. Nusu nyingine ni kwamba serikali ile ilitoa misaada ya fedha kwa waliopoteza kipato kwa sababu ya amri yake. Pia uchunguzi ulioongozwa na jaji Ian Callinan uliona kwamba yaelekea virusi vilitoka katika kituo cha karantini cha serikali chenyewe, Eastern Creek, karibu na Sydney, ambako watu na vifaa vilikuwa vikiingia na kutoka bila kusafishwa ipasavyo. Wenye farasi walitii amri kwa ajili ya kosa lililofanyika katika mlango ambao wao hawakuwa walinzi wake, na walitii wakijua kwamba hawakuachwa peke yao.

Hapa kwetu mzigo huo hautaishia kwa farasi, ambao ufuoni wanahesabika. Mwaka 2019 mafua hayohayo yaliua punda kwa makumi ya maelfu Afrika Magharibi, na punda ndiye anayevuta maji na saruji Likoni na Kisauni. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2, baada ya machinjio ya kuuza ngozi nje kufunguliwa. Punda anayekufa leo harudishwi kwa urahisi.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama mgonjwa atoe taarifa, na huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Wanaotaka adhabu kali zaidi hupenda kukumbusha kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli, lakini mtu huficha pale ambapo kufichua kunamletea hasara tupu. Fidia, inapozungumzwa katika magonjwa ya mifugo, hufikiriwa kwa mnyama aliyechinjwa kwa amri. Mnyama aliyefungiwa akiwa hai hana fungu. Ningependa kaunti ikubaliane na wenye farasi na punda mapema, kabla ya kikohozi cha kwanza, juu ya lishe ya siku za kufungiwa, siku ambayo majibu ya vipimo yatatolewa, na tarehe ya kufungua. Nimeambiwa kwamba zahanati hazina dawa na haifai kununua majani ya farasi. Hoja hiyo naiheshimu, ila gharama ya majani ya wiki tatu ni ndogo mno kuliko ya ugonjwa uliovuka daraja la Mtwapa ndani ya lori. Wengine wanahofia udanganyifu. Kipimajoto na daftari la wanyama walioandikishwa kabla ya mlipuko vingepunguza hofu hiyo, na daftari lenyewe lingeiambia kaunti ni wanyama wangapi ilio nao.

Nilimuuliza mzee mmoja mwenye farasi wawili angefanya nini mmoja wao akianza kukohoa Ijumaa jioni. Alikuwa akilegeza mkanda wa tandiko, akanyamaza mpaka akamaliza.

"Mwanangu, daktari ningempigia," akasema. "Lakini ningempigia Jumatatu."