Kigoma Mwisho wa Reli, Vibonzo Havina Mwisho

Mimi ni kinyozi hapa Mwanga, Kigoma. Vitabu vya vibonzo nilivyosoma tangu mwaka jana ni kumi na moja. Miisho niliyoiona ni miwili, na mmoja kati ya hiyo miwili niliusoma kabla ya mwanzo. Nitaeleza, msinikatize.

Watu wa pwani wakitutania wanatuita mwisho wa reli. Haya, ni kweli. Mjerumani alileta reli mpaka hapa mwaka 1914, akakuta maji, akaacha. Kitu chochote kinachotoka Dar kinapita Morogoro, Dodoma, Tabora, na kila stesheni kuna mtu mwenye mkono. Sasa mji unaoitwa mwisho ungetegemea uwe na miisho ya kumwaga. Hata wa dawa hamna.

Nikiwa mdogo ilikuwa gazeti la vibonzo la Sani. Nyumbani tulizaliwa sita, mimi kitinda mimba, na gazeti lilikuwa linashuka ngazi kwa ngazi: baba, kaka, dada, mpaka kunifikia mimi limebaki katikati tu. Ukurasa wa nje ndio unaotangulia kufa. Umefungia karanga, umewashia jiko, na mwingine, tusifichane, umekwenda msalani na haukurudi. Ndumilakuwili wa humo najua alivyoanza kumlaghai mtu; alivyoumbuka sijui. Lodi Lofa kwangu mimi hajawahi kupatikana na kosa. Mpaka namaliza darasa la saba niliamini hadithi ni kitu cha kukatika tu, kama umeme.

Hivi vitabu kumi na moja, karibu vyote vilikuja kwa katoni moja, hivi. Kuna mzungu alipanga nyumba ya pili kutoka saluni, kazi yake kwenda Gombe kuwaangalia sokwe. Kazi hiyo ipo tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960, na sokwe mpaka leo hawajaisha kuangaliwa. Mkataba wake ulipokwisha akaniachia katoni la vitabu, kwa kuwa nilimnyoa muda wote ule na sikuwahi kumgusa sikio. Nikafungua nikitegemea labda kuna cha kuuza. Vibonzo vitupu. King'amuzi kilikuwa kimekatwa kwa kukosa malipo, wateja wananung'unika hawana cha kutazama, nikavimwaga benchini.

Tangu siku hiyo nadharauliwa kwenye saluni yangu mwenyewe. "Fundi, mtu mzima na ndevu zako unasoma katuni?" Mtu ananiambia hivyo ameshakishika. Dakika tano baadaye namwita aje kwenye kiti, hasikii. Namgusa bega, anashtuka kama aliyefumaniwa. Akishaondoka nakuta kitabu kimekonda.

Cha kwanza kilikuwa cha yule Mmarekani anayevaa chupi juu ya suruali. Superman, yupo tangu 1938 na hakuna ndugu aliyemwelekeza. Humo anakufa. Mwaka 1992, anapigwa na lidude mpaka anakata roho katikati ya barabara, mchumba wake anamlilia. Na mimi sikuwa mbali na machozi. Kijana wangu wa kazi akanitazama, akasema, "Bosi, mbona alirudi mwaka uliofuata?" Alirudi! Na waliochanga rambirambi je? Na masufuria yaliyoazimwa msibani? Nikakirudisha benchini. Mwisho wake wateja waliuchana, wala sikuuliza.

Cha Kijapani ndicho hicho nilichoanzia mwisho. Nikafungua kama mtu mwenye akili timamu anavyofungua kitabu, nikakuta watu wanaagana, wengine wamezeeka, vita imekwisha. Kila nikifunua ukurasa majeraha yanapona na watu wanakuwa watoto. Nikasema huyu mwandishi ana kipaji. Kijana alipogundua, alicheka mpaka mashine ikamponyoka, mteja akapata barabara kichwani ambayo hakuiomba. Kumbe Mjapani anaanzia kulia. Mimi, niliyekaa madrasa Ujiji miaka sita nikifunua juzuu kutoka kulia, ndiye niliyeingia mkenge.

Huyo kijana naye ana yake kwenye simu, ya maharamia wanaotafuta hazina, One Piece. Imeanza 1997, imepita juzuu mia moja, hazina bado. Namwambia, hao watu mwaka huo wangepanda michikichi, saa hii wana kinu cha mawese na nyumba mbili za kupangisha.

Kile cha panya ndicho kilichonitia adabu.

Niliona panya kwenye jalada nikampa mwanangu wa darasa la nne. Baada ya muda akarudi: "Baba, kwa nini hawa paka wamewafungia panya na watoto wao?" Nikakichukua, nikakisoma usiku kwa tochi ya simu na Kiingereza changu cha fomu foo. Kinaitwa Maus. Art Spiegelman amechora maisha ya baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland aliyetoka hai kambi ya mauaji ya Auschwitz. Wayahudi ni panya, Wajerumani ni paka. Kitabu cha kwanza kilitoka 1986, na mwaka 1992 akapewa tuzo ya Pulitzer, ambayo vibonzo havikuwa vimezoea kupewa. Ya kambini sina mzaha nayo, nayapita.

Lakini yule mzee akiwa New York, uzeeni! Anahesabu vidonge vyake kimoja kimoja. Anaokota waya barabarani, mwanawe anaona aibu, yeye anautia mfukoni, utafaa. Mkewe wa pili akitumia kitu kidogo, kelele. Nikasema huyu si mtu wa Poland, huyu ni baba mkwe wangu wa Kasulu. Yule kila nikienda ananitolea kopo la misumari iliyopinda, ananihesabia, halafu analirudisha uvunguni. Mwaka juzi nilimpelekea misumari mipya nusu kilo. Akaiweka kwenye kopo jingine, akaniambia hiyo ya kwangu ni ya wageni.

Sasa sikilizeni mwisho wake, kwa sababu huu niliupata mzima. Mama yake mchoraji alikuwa ameandika madaftari ya mambo yote aliyopitia. Mama keshakufa. Kitabu kizima kijana anayaulizia hayo madaftari, mzee anazungukazunguka. Mwishoni anakiri: aliyachoma moto. Mwana anamwita muuaji, anaondoka zake, basi.

Nimelisoma hilo neno jioni, nimekaa uani. Nainua macho, namwona mama watoto amepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, mkononi ana karatasi yenye picha za rangi, inashika moto taratibu kutoka pembeni. Sauti ikanitoka yenyewe.

"Muuaji!"

"Nimemuua nani?"

"Aya!"

Majirani wakatokea ukutani. Mama watoto akaacha mwiko. "Aya ni nani?"

"Ni msichana wa Abidjan."

"Umemjulia wapi?"

Ndugu zangu, jaribuni kumweleza mke aliyepiga magoti mbele ya jiko kwamba Aya ni mtu wa kuchorwa. Nikaeleza kwamba anaishi mtaa wa Yopougon, miaka ya sabini, anataka kuwa daktari, ana mashoga wawili wapenda dansi, Adjoua na Bintou. Kadiri ninavyojua mengi ndivyo kesi inavyokuwa nzito. Nikasema aliyemwandika ni mama mmoja, Marguerite Abouet, na mchoraji Clément Oubrerie, kilitoka Ufaransa 2005. "Kwa hiyo mmeanza tangu 2005," akasema. Usiku ule nililala na njaa, na chakula kilikuwepo.

Na kitabu chenyewe ndicho nilichokipenda kuliko vyote, acha hayo ya heshima na tuzo. Hakuna anayeruka, hakuna anayepigwa risasi. Baba mwenye nyumba anatoka usiku kwa visingizio, wasichana wanatoroka kwenda kucheza muziki, mama anajua kila kitu na amenyamaza. Mtaa mzima ni Mwanga, toa ziwa. Kule nyuma wameweka mpaka mapishi, mchuzi wa karanga na namna ya kufunga kitenge. Nilipomwambia mama watoto kwamba kurasa alizowashia jiko zilikuwa na mchuzi wa karanga, hapo ndipo alipojuta. Kwa Aya hakujuta.

Cha mwisho hakikutoka kwenye katoni. Kilishuka Kibirizi na boti ya kutoka Kalemie, Kongo, ndani ya robota la vitenge la jirani yangu, mama mmoja Mkongomani. Kinaitwa Madame Livingstone, cha mwaka 2014, kimeandikwa na Christophe Cassiau-Haurie na kuchorwa na Barly Baruti, Mkongo. Kifaransa kitupu. Basi kila jioni nikifunga saluni jirani anakaa kwenye kiti cha wateja, ananitafsiria, nami namnyoa mwanawe bure. Vita vya kwanza, 1915. Rubani wa Kibelgiji anakuja ziwani kwetu kuizamisha meli ya vita ya Mjerumani, Graf von Götzen. Anayemwongoza ni chotara aliyevaa sketi ya Waskoti, watu wanamwita Bibi Livingstone, naye anadai baba yake ni Livingstone yule yule.

Nikapanda daladala mpaka Ujiji kuwauliza wazee. Stanley si alimkuta kwao, 1871, chini ya mwembe? Labda wanajua kama aliacha mtoto. Walinisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika kwenye ile sketi.

Lakini michoro! Rangi za yule Baruti, ukitazama ziwa lake unasikia harufu ya dagaa waliolowa. Tulibakiwa na kurasa nane hivi. Ndipo akaja mteja mmoja, mtu wa ofisini, anataka kunyoa panki, kesho yake ana kikao. Nimemaliza upande wa kushoto, umeme ukaondoka. Tukangoja. Akasoma Madame Livingstone, picha tu. Saa moja, saa mbili. Mkasi hataki, anasema mkasi ni wa bustani. Mwisho akasimama, akajitazama kwenye kioo, nusu bwana nusu kichaka, akafungua kitabu katikati, akajifunika kichwani kama bati la mgongo wa tembo, akatoka. Nje mvua ikamkuta. Bodaboda akamchukua hivyo hivyo. Kilichoniuma ni kwamba kwa mbali alipendeza.

Kesho yake alirudi kumalizia upande wa kulia. Kitabu alikileta, nampa haki yake. Zile kurasa nane zimenatana, zimekuwa kama andazi la jana. Nikaanika juani. Nikaweka juu ya mvuke wa birika. Nikasema mimi ni mtu wa wembe bwana, nikachukua mpya, nikaingiza polepole kwenye kona kama ninayechonga ndevu za bwana harusi. Ukatoka nusu uso wa rubani na kidole cha mtu. Nikaacha.

Jirani hakutikisika. Akaushika ule mkate, akaendelea kutafsiri. "Ile muzungu anapanda ndeke, anatupa bombe, mashua inazama. Babelgiji banashinda. Imeisha."

"Mama, ukurasa umenata. Unasomaje?"

"Ninajua. Kitabu ni ya kwetu."

Hapo damu ikanichemka, maana hii si ya kwao peke yao. Mtoto yeyote wa Kigoma anajua meli hiyo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikavunjwavunjwa, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikapanda reli hii hii inayotufanya tuchekwe, ikaungwa hapa. Mbelgiji mabomu alikuja nayo, sikatai. Ila walioizamisha ni Wajerumani wenyewe, Julai 1916, wasije wakanyang'anywa. Na kabla ya kuizamisha waliipaka mashine grisi, kama mtu anayeweka nguo za sikukuu sandukuni. Mwingereza akaja kuiibua 1924, mashine bado nzima, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Jirani akanisikiliza mpaka mwisho. "Weye uko na mashua," akasema, "miye niko na kitabu." Akakichukua, akaenda nacho.

Jumapili nikavaa shati la pasi nikateremka bandarini. Nilisema hata kama ni kimoja tu, mwisho wa hiki nitauona kwa macho yangu, ni wa chuma, hauwashii jiko. Pale getini kuna mlinzi, kijana mpole, anakula muhogo. Akaniuliza shida yangu. Nikamwambia nimekuja kuiangalia Liemba, nimalizie kitabu.

Akatafuna. Akageuka kuitazama, akanigeukia.

"Hiyo bado, mzee," akasema. "Iko matengenezo. Itaendelea."