Kilimo rejeshi kitetewe kwa udongo na maji, si kwa hewa ukaa

Kila ninapofuatilia mjadala wa kilimo cha kawaida na kilimo rejeshi, yaani kilimo cha kutotifua ardhi na kuiacha imefunikwa, naona pande zote mbili zinakimbilia hewa ukaa. Huyu anadai shamba lisilotifuliwa litameza moshi wa viwanda, yule anamwaga takwimu za kumkanusha, na wakati wanabishana udongo unazidi kwenda na maji. Mimi niko upande wa kilimo rejeshi bila kusitasita. Kinachonisumbua ni kwamba tunakitetea kwa hoja yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Hoja yenye nguvu unaiona kwa macho. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likikuta udongo uko wazi, tena umetifuliwa ukawa kama unga, linapasua chembe zake, na zile ndogo zaidi zinaziba vitundu vya kupitisha maji. Muda si mrefu uso wa shamba unafanya utando, maji yanakosa pa kuingia, yanatiririka na kuondoka na tabaka la juu, lile lenye rutuba. Acha mabua shambani baada ya mavuno, au panda mazao ya kufunika ardhi, na tone hilohilo litaangukia jani kabla ya kufika chini, nguvu zikiwa zimekwisha.

Anayetaka ushahidi zaidi achukue donge kavu kutoka shamba linalolimwa kila msimu, na jingine la udongo wa aina hiyohiyo kutoka ukingoni, penye nyasi ambapo jembe halijapita kwa miaka. Ayatie kwenye glasi mbili za maji. Mara nyingi la kwanza huporomoka ndani ya dakika chache na kugeuka tope, la pili likabaki limeshikana. Kinachoshikilia donge la pili ni vijizizi, nyuzi za kuvu na ute wa bakteria. Kila plau inapopita hukata nyuzi hizo na kuingiza hewa inayowawezesha vijidudu kuimaliza mboji upesi. Miaka ya 1930 Marekani ililiona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha: nyasi za asili za Great Plains, nyanda pana za katikati ya nchi, zilikuwa zimegeuzwa mashamba, ukame ukaingia, na upepo ukanyanyua udongo mawinguni. Mwaka 1935 serikali ikaunda idara maalumu ya kuhifadhi udongo.

Kwenye naitrojeni, kirutubisho kikuu cha mimea, mambo yanakuwa magumu zaidi, na hapa kilimo cha kawaida lazima kipewe haki yake. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha namna ya kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea za viwandani, kwa naitrojeni ya hewani. Carl Bosch akaipeleka kazi hiyo kiwandani, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza uzalishaji. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu duniani leo wanalishwa kwa mavuno yanayotokana na mbolea hiyo. Anayetaka tuiache ghafla aitazame Sri Lanka: mwaka 2021 serikali ilizuia uingizaji wa mbolea za viwandani, mavuno ya mpunga yakashuka vibaya, na kabla mwaka haujaisha ikabidi irudi nyuma.

Hata hivyo, kwa wastani wa dunia nzima mazao hutumia takriban nusu tu ya naitrojeni inayowekwa shambani. Sehemu kubwa ya inayobaki bakteria huigeuza kuwa naitreti, chumvi inayoyeyuka kwa urahisi majini, ambayo udongo mwingi hauwezi kuishika, kwa hiyo mvua huishusha hadi kwenye maji ya ardhini na mito. Ikifika baharini inanenepesha mwani; mwani ukifa na kuoza unamaliza oksijeni, na samaki wasioweza kukimbia wanakufa. Ghuba ya Meksiko hupata eneo la namna hiyo kila kiangazi, kwa mbolea inayoletwa na mto Mississippi. Sehemu nyingine hupanda angani ikiwa oksidi ya naitrasi, gesi ambayo kilo yake moja, kwa kipindi cha miaka 100, hupasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kilo ya hewa ukaa. Kupanda jamii ya kunde kwa zamu na nafaka hupunguza haja ya mbolea, na kuwa na mizizi hai ardhini kati ya msimu na msimu huinasa naitreti kabla haijazama. Faida hizi hazihitaji kutiwa chumvi.

Hewa ukaa ndiyo inayotiwa chumvi. Utafiti unaopima tabaka la juu pekee huonyesha kwamba kutotifua kunaongeza kaboni, ile ambayo mimea huitoa kwenye hewa ukaa na kuiacha udongoni. Ukichimba chini zaidi, mara nyingi unakuta sehemu ya ongezeko hilo ni kaboni iliyohama tu kutoka kina hadi juu. Udongo pia una kikomo cha kupokea, na mkulima akirudisha plau, kilichowekwa kwa miaka kinaanza kupotea. Halafu kuna jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisema: mashamba makubwa ya Brazili na Argentina yaliyoacha kutifua yanategemea sana dawa za magugu. Udongo umepona mmomonyoko, sawa, lakini kemikali hazijaondoka.

Ndiyo maana sipendi kuona fedha za mazingira zikimiminwa kwenye vyeti vya kaboni ya udongo, vinavyomlipa mkulima kwa kaboni inayodaiwa kuhifadhiwa shambani mwake. Mkulima alipwe kwa muda ambao ardhi yake imekaa imefunikwa, jambo ambalo picha za setilaiti zinaweza kulithibitisha, na kwa kupunguza pengo kati ya naitrojeni aliyoinunua na ile iliyotoka ndani ya mavuno. Risiti ya mbolea na uzito wa mavuno vinatosha kukadiria pengo hilo.