Mjomba, hadina na ndoo iliyotoa moshi

Jamani kuna watu ukiwaambia kipimo wao wanasikia "mimina tu Mungu yupo", na mjomba wangu wa Tanga ndio mwenyekiti wao. Kazi yake kuziba maboti ya faiba pale ufukweni, na kusema ukweli mkono anao, ila kipimo ndio hataki kabisa kukisikia.

Nilikuwa likizo, chuo nasoma kemia na muhula ule tulikuwa kwenye polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, kwa hiyo kichwa kimejaa na hakuna wa kumhadithia. Boti ina ufa mrefu tumboni. Mjomba kamimina resini yote, ile gundi ya maji ya kuzibia faiba, kwenye ndoo, kilo tano hivi, kashika chupa ya hadina, dawa ya kuigandisha. Nikamwambia mjomba samahani, hiyo ni asilimia 1 mpaka 2 tu, kwa kilo tano hazizidi gramu 100, tena kwa jua hili ushuke chini kabisa na uchanganye kidogokidogo. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Mwanangu, we resini umeanza kuinusa lini?"

Glu glu glu glu.

"Ikauke haraka, mwenye boti anakuja saa tisa."

Sasa mnielewe nilivyokuwa naumia. Resini ya polyesta ni minyororo mifupi iliyoyeyushwa kwenye stairini, kimiminika cha molekuli ndogondogo. Hadina ni peroksaidi, ikikutana na kobalti iliyomo kwenye resini inavunjikavunjika na kuwa radikali, vipande vyenye elektroni isiyo na mwenza, na radikali ina njaa wewe, inakamata stairini moja, inakamata ya pili, inaendelea hivyo mpaka minyororo yote imeshonwa pamoja na hakuna kurudi nyuma tena. Kila kiungo kikifungwa kinatoa joto. Ukipaka tabaka jembamba kwenye boti joto linajiondokea na upepo, ila ndoo nzima hiyo ni wali uliopaliwa, joto linaongeza kasi, kasi inaongeza joto. Na ikianza kuganda ndio balaa zaidi, maana radikali mbili hazisogei zikutane zimalizane, wakati vile vistairini bado vinapenya tu vinaliwa.

Adhana ya adhuhuri hiyo. Mjomba kafunika ndoo na boksi isiingie mchanga, kaniambia "chunga hapo", kaenda kuswali.

Haikuchukua muda boksi likaanza kutoa moshi. Nikalitoa kwa kijiti, nakuta brashi imesimama wima peke yake. Harufu ya stairini ikafika mpaka kwa mama ntilie, akabeba sufuria la maharage akahama nalo bila kuuliza. Resini ikaanza kupasuka ndani kwa ndani, ka! ka!, ndoo ikavimba ubavuni, ikalegea ikainama upande, mtoto mmoja akapiga kelele "bomuuu", basi wavuvi waliokuwa wanashona nyavu nusu wakaingia baharini na nguo zao. Wa nusu nyingine wakaja na maji wamwagie, nikawazuia kwa mikono miwili nasema sogeeni mbali huo moshi msiuvute! Mjomba katokea msikitini anakimbia na kandambili moja.

Ilipopoa tukabaki na jiwe la rangi ya chai lenye nyufa, brashi katikati, ndoo imejikunja chini yake. Mjomba kimya. Nikaona ndio nafasi yangu, nikamwambia mjomba hii kitu inaweza kutawaliwa, mwaka 1956 kuna mkemia anaitwa Michael Szwarc, kule Marekani, aliunganisha stairini hiihii kuwa polima bila hewa wala unyevu, minyororo ikaanza pamoja ikakua karibu sawasawa, stairini ikiisha inatulia inasubiri, ukiongeza nyingine inaendelea ilipoishia, kwa hiyo urefu wa mnyororo unaupanga mwenyewe.

"Inasubiri?"

"Inasubiri mjomba."

"Na huyo Szwarc boti ngapi kaziba?"

"Hakuziba boti."

"Haya."

Saa tisa mwenye boti huyo kafika. Anaangalia ufa upo vilevile, anaangalia jiwe, anamwangalia mjomba. Na mjomba bila hata kupepesa: "Bosi, hii resini uliyoleta ni kali mno, tunahitaji kopo lingine. Si muulize huyu, msomi wa kemia wa chuo kikuu."

Mwenye boti akanigeukia. Nyuma yake mjomba kanikazia macho yale ya leo utakula wapi.

Nikasema ndio mzee, hii ni kali.